Mwanangu, uliniuliza kuhusu zile nyimbo za Kihispania

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Unauliza zile salsa nilizokuwa napiga kila Jumamosi asubuhi nilikuwa naelewa wanaimba nini, nikaona kwa simu sitaweza kukujibu vizuri, ngoja nikuandikie.

Nilikuwa sielewi kitu. Na ndo maana nilizipenda.

Baba yako alipofariki we ulikuwa na miaka sita. Nyimbo za Kiswahili zikanishinda kabisa, yaani nikifungua redio tu, iwe dansi, iwe taarabu, iwe kwaya, kila neno linakuja kunichoma palepale penye kidonda, mtu anaimba habari za kuagana mi nishakaa chini nalia na nguo ziko kwenye beseni. Nikawa nazima. Nyumba ikawa kimya, na ule ukimya nao ukawa mbaya zaidi. Sasa kwenye vitu vyake kulikuwa na kaseti moja haina hata kava, salsa tupu, si unajua yeye mtu wa Morogoro, babu yako ujana wake wote aliucheza na bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kwa hiyo midundo ya Kuba kwao ilikuwa ni ya nyumbani tu. Nikaiweka. Trampeti zikaingia, ngoma zikaingia, yule mama akaanza kuimba, na hakukuwa na neno hata moja la kunitonesha. Mwili ukaamka wenyewe. Siku ile nilifua nguo zote.

Na wewe ukachukua mfuniko wa sufuria na mwiko ukaanza kugonga, unakumbuka? Ko, ko, ko... ko-ko. Tatu halafu mbili. Hakuna aliyekufundisha. Nimekuja kujua baadaye ule mpigo unaitwa clave, unapigwa kwa vijiti viwili vya mbao na bendi nzima inaufuata, piano, besi, ngoma, wote, hata vijiti vikinyamaza wenyewe bado wanao kichwani.

Yule mama ni Celia Cruz. Aliondoka Kuba 1960 na bendi yake kwenda kupiga Meksiko, hakurudi tena kuishi kwao, 1962 mama yake mzazi akafariki na serikali ikamkatalia kuingia kumzika. Fikiria mwanangu, mtu wa msiba kama huo ndo alikuwa ananiinua mimi na msiba wangu, na sauti yake ile utadhani kila siku ni harusi. 1974 alifika mpaka Kinshasa, Kongo enzi hizo ikiitwa Zaire, na bendi ya salsa ya Fania All Stars, kwenye lile tamasha la kabla ya pambano la Ali na Foreman, nimeiangalia video yake, uwanja mzima Wazaire wanacheza. Na wala hawakuwa wageni wa mambo hayo, santuri za Kuba zilishafika Kongo tangu miaka ya 1930 na rumba yao imechota sana humo.

Halafu lile neno analolipigia kelele, azúcar, mi miaka yote nilikuwa nasikia sukari! Nikajua ni masikio yangu tu. Ulivyonipigia juzi kutoka darasani kwako ukaniambia, mama, ni sukari kweli, neno limetoka kwa Waarabu likaenda Hispania na likaja na huku pwani kwetu, na hasta yao ndo hata yetu, nikashindwa kuongea. Ndo maana nilikata simu, usidhani nilikasirika.

Sasa nina ombi. Maneno hayanitishi tena. Niandikie nyimbo za ile kaseti kwenye daftari, Kihispania chake hivyohivyo na Kiswahili chini yake, herufi kubwa kubwa macho yangu unayajua, uje nalo ukifunga chuo. Anza na ile ya kwanza ya upande wa pili, ile uliyokuwa unalia nikiizima.