Harambee ya Jumapili: Tumtoe Mpiga Ngoma Wetu Hospitalini

Ndugu wanaparokia na marafiki, Tumsifu Yesu Kristo.

Mpiga ngoma wa kwaya yetu, yule kijana wa boda pale Nyalenda, amepasuliwa mara mbili mwezi huu. Maneno yamezagaa mtaani, hata kuna wanaodai amelishwa kitu. Kwa ruhusa ya mama yake tunawaeleza.

Ilikuwa taifodi. Homa ilimsumbua karibu wiki tatu. Ananunua vidonge viwili vitatu dukani, akipata nafuu anarudi stejini. Taifodi isipotibiwa ipasavyo hula ukuta wa utumbo mwembamba kule mwishoni, na kufikia wiki ya tatu hivi unaweza kutoboka. Wake ulitoboka. Uchafu ukamwagika na kuambukiza utando unaofunika matumbo, hali ambayo madaktari huiita peritonitisi. Majirani walimkuta amekunja magoti, tumbo limekaza kama ubao, hata shuka hataki imguse.

Mmoja wetu aliuliza kwa nini bili ni kubwa hivi, ilhali mzee wa jumuiya jirani aliugua jambo hilohilo akatibiwa kwa sindano tu. Ni kwa sababu aina ni tofauti. Yule mzee ini lilikuwa limeharibika, maji yakajaa tumboni, vijidudu vikaingia humo bila chochote kutoboka. Hapo antibiotiki hutosha mara nyingi. Lakini panapotoboka, iwe ni taifodi, kidole tumbo, kisu au vidonda vya tumbo (nanyi mnaomeza dawa za maumivu kila siku, angalieni), dawa peke yake haitoshi. Tumbo hufunguliwa, likasafishwa, tundu likashughulikiwa. Ipo pia peritonitisi ya kifua kikuu, inayonyemelea polepole, na ya wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kupitia tumboni.

Kwa sasa utumbo wake umetolewa nje kupitia ngozi na choo kinaingia kwenye mfuko, mpaka apasuliwe mara ya tatu kuurudisha. Mifuko hiyo inanunuliwa. SHA, bima ya afya ya serikali, imelipa sehemu. Deni lililobaki ni Sh 146,000, na pikipiki yenyewe bado ni ya mkopo. Wenzake wa stejini wanaiendesha kwa zamu ili isichukuliwe. Mungu awabariki.

Harambee ni Jumapili hii baada ya misa ya pili, uwanjani. Kila jumuiya irudishe kadi zake siku hiyo. Kutakuwa na mnada wa kuku na ndizi, na tafadhali msiwaachie wanaboda peke yao kupandisha bei. Walio mbali watume kwa paybill ya parokia, sehemu ya akaunti waandike NGOMA. Mweka hazina atasoma hesabu palepale, na kitakachozidi kitanunua mifuko.

Asiye na pesa asaidie hivi: mama wa kijana hajalala kwake tangu mwanawe alazwe. Anahitaji wa kumpokea zamu ya usiku hospitalini. Orodha ya zamu iko kwa katibu wa kwaya. Jumanne na Alhamisi bado hazina mtu.