Shukrani kwa mzee wa ngalawa pale Bagamoyo

Jamani naomba nimshukuru mzee mmoja wa ngalawa pale ufukweni upande wa soko la samaki Bagamoyo, jina sikupata hata nafasi ya kumuuliza mana watoto walikua wameshamzingira kama kuku walioona mtama. Mimi ni ticha wa chekechea, niliwapeleka waone maji yakijaa, nawauliza maswali wanaitikia tu "ndio ticha". Mzee akasogea, akachomeka vijiti mchangani kuanzia maji yalipo mpaka juu huko, kila mtoto akachagua kijiti anachoona maji yatafika, na ukishachagua huruhusiwi kuhama (hapo kelele zake sasa!). Halafu mzee anamuuliza kila mmoja, "umeona nini mpaka ukasema hivo?" Kabinti kamoja kakaonyesha mstari wa mwani mkavu kule juu, kumbe ndo maji yalipoishia mara ya mwisho, mimi mwenyewe nilikua nimeukanyaga tu. Kubahatisha mtoto yeyote anaweza, ila kutoa sababu ndo sayansi yenyewe.

Mzee akawaambia kesho maji yatachelewa kama dakika 50 hivi, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, yanapanda sana na kupwa sana, ila maji mafu, yale ya mwezi nusu, hayaendi mbali. Sasa hivi darasani tunachora mwezi ukutani na wanabishana balaa.

Mzee wangu shikamoo, ahsante sana sana. Anaemjua amfikishie salamu, watoto wanauliza tunarudi lini.