Barua kwa mwanangu: dawa haijui imetumwa wapi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikicheka hadi mama yako akaja kuuliza kulikoni. Umeandika: "Baba, nimekariri dawa arobaini na zote zinaleta kichefuchefu, kuumwa kichwa na kizunguzungu. Sasa nitazitofautishaje?" Pole, mama. Na mimi nilikuwa na daftari la hivyo hivyo, kichefuchefu ukurasa baada ya ukurasa. Mtihani nilifaulu nalo. Wiki ya kwanza wodini nikiwa muuguzi, mgonjwa wa presha akanilalamikia kwamba miguu imevimba, nikasimama pale mbele yake najaribu kukumbuka ni ukurasa wa ngapi. Alikuwa anameza amlodipini. Amlodipini inalegeza mishipa midogo ya damu ili presha ishuke, na ikishalegea, maji yanavuja na kutuama miguuni. Kwenye daftari langu hilo lilikuwa la sita, chini ya kichefuchefu.

Jambo lililonisaidia nililipata baadaye, na ndilo ninalotaka ulishike kabla ya mtihani: dawa haijui imetumwa wapi. Kidonge cha moyo hakiendi moyoni. Kinaingia kwenye damu, na damu inakizungusha mwili mzima. Kila kinapokuta kazi yake, kinaifanya. Kwa hiyo mengi ya hayo unayokariri ni kazi ile ile uliyoitaka, imefanyika mahali ambapo hukuitaka. Acha orodha. Jiulize dawa hii inafanya kazi gani, halafu jiulize kazi hiyo hufanyika wapi kwingine mwilini.

Chukua salbutamoli. Inaiga adrenalini, inalegeza misuli ya njia za hewa, mgonjwa wa pumu anapumua. Adrenalini inafanya nini kwingine? Inakimbiza moyo na kutetemesha mikono. Basi mgonjwa wako akikwambia moyo unamwenda mbio na hawezi kushika kikombe, umeshajibu bila daftari. Pia inaisukuma potasiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli, kwa hiyo aliyevutishwa dozi nyingi mfululizo potasiamu yake hushuka.

Sasa igeuze. Propranololi inamzuia adrenalini asisikike. Moyo unatulia, presha inashuka, lakini njia za hewa nazo zinabana, ndiyo sababu mwenye pumu hapewi. Na kuna mtego mmoja hapa ambao watunga mitihani wanaupenda, na wodini unaua. Sukari ya mgonjwa wa insulini ikishuka, mwili hupiga kengele kwa adrenalini: moyo unadunda, mikono inatetemeka, mwenyewe anashtuka. Propranololi inaizima kengele hiyo. Kinachobaki ni jasho, kwa sababu tezi za jasho zinaamrishwa na kemikali nyingine, asetilikolini. Kwa hiyo ukimshika mgonjwa wa namna hiyo shingoni ukakuta jasho la baridi, usingoje atetemeke. Pima sukari. Kama anameza vizuri, mpe gramu 15 za sukari na upime tena baada ya dakika 15. Kama amepoteza fahamu, usimtie kitu kinywani; hapo ni glukosi ya mshipani. Na asiache vidonge vya propranololi ghafla, moyo uliozoea kutulizwa huamka na hasira.

Utakutana na maneno mawili, maudhi na madhara. Usiyachanganye. Maudhi yanamkera mgonjwa, madhara yanamuumiza. Wanafunzi huyadharau maudhi kwa sababu hayaui, lakini maudhi ndiyo yanayomfanya mtu aache dawa kimya kimya bila kukwambia.

Nilikuwa na kijana wa kifua kikuu aliyeanza dozi vizuri, siku ya nne akatoweka. Tulipompata alisema dawa zimempasua figo, anakojoa damu. Ilikuwa rifampisini. Mkojo wake unakuwa wa rangi ya chungwa, wakati mwingine unakaribia wekundu, na machozi na jasho pia. Hiyo wala si kazi ya dawa, ni rangi yake tu inatoka. Sentensi moja siku ya kwanza ingetosha, na hakuna aliyeisema. Mimi nikiwemo. Tangu hapo mgonjwa wa rifampisini haondoki mbele yangu kabla sijamwambia habari ya mkojo, na kama ni mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, namwambia pia kwamba rifampisini inaliharakisha ini kuvivunja, atafute njia nyingine. Zilizobaki katika kundi hilo unazijua: isoniazidi na ganzi ya miguu, ndiyo maana ya vitamini B6, ethambutoli na macho, hasa kutofautisha nyekundu na kijani, pirazinamidi na viungo. Macho yakiwa ya manjano, hayo si maudhi tena. Ni ini, simamisha umwite daktari.

Sasa nikuambie kosa langu. Nilikuwa mgeni kazini, wagonjwa wananiita dokta kwa sababu tu mimi ni mwanamume, na nilikuwa nimeanza kuacha kuwasahihisha. Mzee mmoja wa moyo aliandikiwa furosemidi, dawa ya kukojoza maji yaliyozidi, mara mbili kwa siku. Nikampa asubuhi, na ya pili nikampa saa nne usiku, kwa hesabu yangu ya saa kumi na mbili kila dozi. Hesabu nzuri kabisa. Mzee aliamka kwenda chooni mara nne, ya nne akaanguka kwenye sakafu yenye maji. Hakuvunjika, alichanika juu ya jicho, nyuzi tatu. Dozi ya pili ya furosemidi inatolewa mchana, saa nane hivi, ili mtu alale. Dozi niliyompa ilikuwa sahihi kwa kipimo, kwa jina na kwa njia. Saa ndiyo iliyomwangusha.

Mzee huyo huyo alikuwa pia anameza digoksini. Siku ya tatu baada ya kuanguka, chakula hakitaki, akaniangalia akauliza: "Dokta, mmebadilisha taa? Naona kila kitu manjano." Nilitaka kucheka. Bahati nzuri sista wa zamu alikuwa nyuma yangu, akaniondolea kikombe cha dawa mkononi na kunipa stetoskopu. Nikahesabu mapigo kifuani, dakika nzima, si nusu dakika mara mbili. Arobaini na nane, na hayaendi sawa. William Withering, tabibu wa Uingereza, aliandika mwaka 1785 juu ya mmea wa jamii ile ile ambayo dawa hii inatokana nayo, na alishataja wagonjwa kuona vitu kuwa manjano na kijani. Miaka yote hiyo ilikuwa imeandikwa, nami nilikuwa karibu nimpe kidonge kingine.

Angalia jinsi dawa zake mbili zilivyoshikana. Furosemidi inatoa maji, na maji yanatoka na potasiamu. Digoksini na potasiamu zinagombea pampu moja kwenye seli za moyo. Potasiamu ikipungua, digoksini inapata nafasi yote, na kipimo kile kile cha jana kinakuwa sumu leo. Kwa hiyo digoksini ina mambo mawili kabla hujaitoa: mapigo ya kifuani kwa dakika nzima, na yakiwa chini ya 60 kwa mtu mzima unaizuia na kuuliza, na jibu la potasiamu kutoka maabara. Kichefuchefu chake, kwa digoksini, ndicho unachotakiwa kukiogopa. Kwa dawa nyingine ni maudhi, kwa hii huenda ni salamu ya kwanza ya sumu.

Na kwa kuwa tumeitaja potasiamu: ile ya ampuli haisukumwi mshipani hata siku moja, hata ukiamrishwa kwa sauti. Inachanganywa kwenye dripu, inakwenda taratibu. Ikisukumwa inasimamisha moyo.

Wodi ya wazazi utaipenda, lakini utaiogopa magnesi salfeti, na vizuri uiogope. Kwa kifafa cha mimba hakuna inayoishinda. Kazi yake ni kunyamazisha, nayo haichagui cha kunyamazisha. Inatuliza degedege, halafu ikizidi inalinyamazisha goti, halafu pumzi, halafu moyo. Inakwenda kwa mpangilio huo, na hapo ndipo penye rehema: goti linakutangulia kukupa habari. Usiku mmoja nimekaa na mama kijana, kila baada ya muda naweka mkono chini ya goti lake, nalinyanyua kidogo, nagonga chini ya kifuniko cha goti. Mguu unaruka. Saa nane usiku nikagonga, mguu ukalala kama gogo. Anaongea vizuri, anapumua vizuri, ananiuliza habari za mtoto. Nikaangalia mfuko wa mkojo: ulikuwa haujapanda tangu saa sita. Magnesi haina mlango wa kutokea zaidi ya figo. Dozi iliyofuata haikutolewa. Kabla ya kila dozi, basi: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Na kalsiamu glukonati, dawa ya kuiondoa magnesi, iwe kando ya kitanda, si kabatini kwenye kufuli ambayo funguo zake ziko na mtu aliyekwenda kunywa chai.

Morfini ni ndugu yake kwa tabia. Inanyamazisha maumivu, inanyamazisha utumbo, ikizidi inanyamazisha pumzi. Mgonjwa atazoea usingizi wake na kichefuchefu chake, lakini choo kigumu hakizoeleki, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na morfini. Naloksoni inaiondoa, lakini inakwisha nguvu kabla ya morfini yenyewe. Mtu akishaamka, usiondoke ukidhani kazi imekwisha. Anaweza kulala tena dakika arobaini baadaye, nawe uko wodi nyingine.

Mengine nakupitishia haraka maana najua umeyasoma. Dawa za kuzuia damu kuganda: warfarini dawa yake ya kuiondoa ni vitamini K, heparini ni protamini. Usizipishanishe, wanauliza kila mwaka. Kwa wengi wanaotumia warfarini kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kinatakiwa kuwa kati ya 2 na 3, na mgonjwa asiambiwe aache mboga za majani, aambiwe ale kiasi kile kile kila wiki. Gentamisini, dawa ya kuua bakteria, inaumiza figo na masikio, basi uliza kama anasikia mlio. Diklofenaki inazuia kemikali za maumivu ambazo ndizo hizo hizo zinalinda utando wa tumbo. Prednisoloni inaiga homoni ya mwili, kotisoli, kwa hiyo inalilaza tezi linalotengeneza homoni hiyo kiasili, na ukiiacha ghafla baada ya wiki nyingi, tezi halijaamka. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, na kumbuka imejificha ndani ya dawa nyingi za mafua.

Mzio uuweke pembeni, kwa sababu ndio unaovunja kanuni yangu. Penisilini ikimwangusha mtu, hiyo si kazi yake iliyopotea njia, ni mwili umeichukulia kama adui. Hapo hufikiri, unachoma: adrenalini miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja, upande wa nje katikati. Halafu ndipo umwite mtu. Hapana, ita huku unachoma.

Nimebakiza kundi la majina yanayoishia na "prili": kaptoprili, enalaprili na wenzao. Chanzo chake ni sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaca. Dawa hizi zinazuia kimeng'enya kinachopandisha presha. Sasa kimeng'enya hicho kina kazi ya pili, kuvunja kemikali ya mwili iitwayo bradikinini. Ukikizuia, bradikinini inarundikana, na kwenye njia za hewa inawasha. Ndicho kile kikohozi kikavu kisichokuwa na makohozi wala homa. Kikohozi ni maudhi. Midomo au ulimi ukivimba, ni madhara, dawa inasimama na hairudiwi maisha. Potasiamu hupanda. Mjamzito hapewi.

Kikohozi hicho nimekizungumzia kwa kirefu kuliko unavyohitaji kwa mtihani, na mama yako, ambaye amesoma barua hii juu ya bega langu, anasema nikueleze sababu.

Mwaka jana nilianzishiwa enalaprili. Baada ya mwezi nikaanza kukohoa, usiku hasa, mpaka mama yako akahamia chumba chako. Nilijua ni nini tangu kikohozi cha kwanza. Nilichotakiwa kufanya ni kurudi kliniki na kusema. Badala yake nikawa nameza leo naruka kesho, kisha nikaacha kabisa, na kikohozi kikapungua, nikajisikia mjanja. Mama yako ndiye aliyefungua droo akakuta pakiti iliyotakiwa kuwa imekwisha, ndani vidonge kumi na kimoja. Presha siku hiyo ilikuwa 170 kwa 100. Nimebadilishiwa losatani, ambayo haigusi bradikinini, na nalala vizuri.

Lakini kuna hili. Wiki moja kabla ya droo kufunguliwa, nilikuwa kliniki. Daktari, kijana wa umri wako karibu, aliniuliza swali ambalo mimi nimewauliza wagonjwa kwa miaka thelathini: "Mzee, dawa unameza?" Nikamtazama machoni nikamwambia, ndiyo, kila siku.

Baba yako