Barua ya wazi kwa wanangu mnaokwenda field

Wanangu wa mwaka wa pili na wa tatu,

Nawaona kwenye daladala na bahasha za kaki mkononi, barua za chuo zikiwa ndani, mkitoka ofisi moja kwenda nyingine kuomba nafasi ya field, yaani mafunzo kwa vitendo. Nimestaafu uhandisi wa maji baada ya miaka 33, na karibu kila mwaka nilikabidhiwa wanafunzi wa kuwasimamia. Wengi waliondoka na saini yangu bila kuondoka na kazi, na sehemu ya lawama ni yangu. Ndiyo maana naandika.

Nianze na mahali mnapoomba. Karibu wote mnakimbilia makao makuu, kwenye jina ambalo shangazi akilisikia atapiga vigelegele. Ukifika unapewa kiti, unapewa faili za kupanga, mashine ya fotokopi inakuwa yako, na wiki nane zinakwisha. Wakati huohuo mtambo wa kusukuma maji ulioko pembezoni mwa wilaya haujapata mwombaji hata mmoja, na fundi wa pale anatamani mikono. Huko utashika spana siku ya kwanza. Na si wahandisi tu. Wewe wa uhasibu, chama cha ushirika chenye mhasibu mmoja kitakuonyesha stakabadhi, leja na safari ya benki ndani ya siku moja. Kwenye ofisi kubwa utaonyeshwa kipande chake tu.

Niwasimulie kijana mmoja. Darasani alikuwa hodari, mekanika ya vimiminika alipata A. Nilimpeleka kwenye mtambo wetu wa mtoni, chini ya fundi aliyeishia darasa la saba na aliyekuwa na pampu zile kwa miaka 22. Ilikuwa kiangazi, mto umeshuka. Wiki ya pili pampu moja ikaanza kelele kama mtu anatikisa kokoto ndani ya debe. Kijana alidhani kokoto zimeingia kweli, akataka mota izimwe. Fundi hakusema kitu. Alikwenda kwenye valvu ya upande wa kutolea maji, akaibana kidogo, akasikiliza, akaibana tena. Kelele ikapungua. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba mto ukishuka ndivyo pampu inavyotaka, basi.

Kijana hakulala na swali hilo. Asubuhi alichukua chaki akamchorea fundi sakafuni: mto ukishuka, pampu inavuta maji kutoka chini zaidi, presha upande wa kuvutia inapungua mpaka maji yanachemka yakiwa baridi, na mapovu yake yakifika penye presha kubwa yanapasuka kwa nguvu na kumega chuma. Ukibana valvu, maji yanayopita yanapungua, na presha ya upande wa kuvutia inapanda. Fundi alitazama ule mchoro, akaenda stoo, akarudi na impela ya zamani, lile gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji, iliyotobokatoboka kama ubao ulioliwa na mchwa. Miaka yote alidhani ni kutu. Baadaye wawili hao wakafungua chujio la bomba la kuvutia na kukuta limeziba nusu kwa majani na mifuko ya nailoni. Walipolisafisha, pampu ilifanya kazi kimya, valvu ikiwa wazi yote.

Mimi nilikuwa na shahada, na nilipita pale kila mwezi. Kelele ile niliijua, na nadharia yake niliifundishwa. Sikuwahi kukaa na yule fundi muda wa kutosha ili hayo mawili yakutane.

Hicho ndicho mnachokifuata field. Hamjatumwa kumwonyesha fundi kwamba mmesoma, wala kukaa pembeni mmefunga mikono kwa kuogopa kuchafuka. Mpe fundi heshima yake, mwamkie, mbebee kisanduku cha vifaa, muulize kila anachofanya kwa mazoea, kisha usiku rudi kwenye daftari la chuo utafute sababu.

Sasa kitabu cha kumbukumbu, kile mnachojaza kazi za kila siku na msimamizi akasaini, maana hapo ndipo palipo na kosa langu. Nimesoma vitabu vilivyoandikwa "Leo tulifanya matengenezo ya pampu" siku tano mfululizo. Pampu ipi? Ilikuwa na nini? Na nilivisaini. Vingine nilivisaini vyote kwa mkupuo, Ijumaa ya mwisho, kwa sababu mwanafunzi alikuwa na basi la kuwahi. Ile ilikuwa dhuluma kwenu, na naomba radhi kwa kila niliyemfanyia. Msikubali mtu awatendee hivyo. Andika kila jioni kabla ya kula: kitu gani kiliharibika, nani alikigundua na kwa dalili gani, kifaa gani kilitumika, saa ngapi zilipotea, spea ilinunuliwa wapi na kwa bei gani, swali gani lilibaki bila jibu. Chora. Kila Ijumaa mpelekee msimamizi na umwombe asome, hata kama anakunja uso. Yule kijana wa pampu alipoitwa kwenye usaili baada ya kuhitimu, aliulizwa tatizo aliloshiriki kulitatua. Alilieleza hilo kwa dakika kumi, pamoja na mchoro.

Najua kuna wenzenu ambao shida yao ni nauli na chakula. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mmoja ana mkopo. Kama huna, omba karibu na nyumbani ulale kwenu, ila kwanza uliza idarani kwako walimu wanaokwenda kukagua watafika mikoa ipi. Si aibu kufanya field wilayani kwenu.

Na mabinti zangu, hata nyinyi vijana wa kiume: msimamizi akikutaka kimapenzi ili akupe nafasi, saini au alama, hiyo ni rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kuwa kosa la jinai. Hifadhi ujumbe wake, mwambie mwalimu unayemwamini, piga simu TAKUKURU namba 113, ni bure. Wiki nane unaweza kuzirudia mahali pengine.

Msidhani pia kwamba mambo haya yanaishia siku ya kuvaa joho. Daktari akimaliza miaka yake mitano bado ana mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Kwa wahandisi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa mafunzo ya kazi, SEAP, ambao mhitimu hukaa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Nako kuna kitabu cha kujaza kila siku. Aliyezoea kupika taarifa akiwa mwaka wa pili hupata taabu sana huko, nimewaona.

Barua za maombi pelekeni wenyewe, na mapema. Ikikataliwa, muulize karani wa masjala ni kituo gani cha nje kina upungufu wa watu; yeye hujua kuliko meneja. Jumatatu ya kwanza fika saa moja na nusu, na viatu vya kufunika vidole, daftari dogo la mfukoni na kalamu mbili. Tafuta aliyekaa pale miaka mingi kuliko wote, mpe shikamoo, mwambie jina lako na unachosoma, halafu muulize ni mashine gani inayomsumbua wiki hii.