Harambee ya Darasa la Jumapili: Mlipie Mtu Somo Moja

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Kamati ya elimu ya usharika inakuja kwenu na kikapu mkononi. Tunataka kuendesha darasa la watu wazima hapa kanisani kwa mwaka mzima, Jumamosi jioni na Jumapili baada ya ibada, la kuwaandaa ndugu zetu kwa GED, mtihani ambao cheti chake hapa Marekani huhesabiwa sawa na cha kumaliza sekondari. Lengo letu ni dola 9,000.

Mmetuuliza: si kuna madarasa ya bure? Yapo, na walimu wake tunawaheshimu. Lakini mtu aliyetoka zamu ya usiku kiwandani, darasa la asubuhi linaanza ndiyo kwanza ameweka kichwa kwenye mto. Na mwenye watoto wanne wadogo awaachie nani?

Mmeuliza pia kwa nini watu wasitumie vyeti vya nyumbani. Aliye nacho anaweza kukipeleka kikakaguliwe na kulinganishwa, na sisi tutamsindikiza. Ila aliyekimbia Kivu usiku alibeba mtoto, hakubeba cheti. Wapo pia ambao hicho cheti hawakuwahi kukishika: alikomea la nne, vita vikaja, miaka ikaishia kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, kisha ndege. Leo akijaza fomu ya kazi, au akitaka kuomba msaada wa ada ya chuo, anakutana na swali lile lile: umemaliza sekondari?

Kuna jambo lililotufanya kwenye kikao tucheke, kisha tukanyamaza. Mtihani huu ulianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani ambao masomo yao yalikatizwa na vita. Kumbe tangu mwanzo ulikuwa wa watu kama sisi.

Masomo ni manne: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Alama zinaanzia 100 hadi 200, na ili kufaulu lazima upate 145 katika kila somo. Unafanywa kwenye kompyuta, kwa Kiingereza au Kihispania. Kiswahili hakimo, na hapo ndipo penye mlima.

Chukueni hesabu. Mama aliyeuza samaki sokoni miaka ishirini, akipiga faida kichwani kwa faranga na kwa shilingi bila karatasi, anawekewa swali mbele yake na anakosa. Mwalimu anasema hana msingi, arudi kwenye kujumlisha. Kumbe shule za Kongo zilifundisha kwa mtindo wa Kifaransa, ambapo tatu na nusu huandikwa 3,5. Hapa huandikwa 3.5, na mkato kazi yake ni kutenga maelfu. Kwa hiyo 1,250 mama anaisoma moja na robo. Mpangilio wa kugawanya nao ni tofauti, halafu mwongezee futi, inchi na ratili mtu aliyezoea mita na kilo! Mwalimu anayejua alikotoka huyu mama atalimaliza tatizo hilo kabla chai haijapoa. Asiyejua atampotezea mwaka.

Ndiyo maana zaidi ya nusu ya fedha tunazoomba ni posho ya walimu wawili wanaojua Kiswahili na Kiingereza. Zinazobaki ni za ada ya mtihani, vitabu, kalkuleta na malezi ya watoto wakati mama zao wako darasani.

Ada inatofautiana jimbo hadi jimbo, lakini jambo zuri ni kwamba kila somo linaweza kufanywa peke yake. Mtu akafaulu sayansi mwezi huu, hesabu akaisubiri. Kwa hiyo ukishindwa kumlipia mtu mtihani mzima, mlipie somo moja. Nasi hatutampeleka mtu kwenye chumba cha mtihani kabla hajafanya vizuri ule wa majaribio, ili sadaka yako isiende bure.

Tuseme ukweli pia: hatuahidi kwamba mwaka ukiisha kila mtu atakuwa na cheti. Wa kidato cha pili huenda akakipata. Aliyekomea la nne ataanza na kusoma na kuandika Kiingereza, na safari yake itapita mwaka huu. Msimhesabie kama hasara.

Sadaka ya kwanza tutaikusanya Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Fomu za ahadi ziko mlangoni kwa mama mhazini, na anaandika hata dola moja. Kila baada ya miezi mitatu hesabu itabandikwa ukutani, iliyoingia na iliyotoka. Asiye na fedha atuletee saa zake mbili za Jumamosi: tunahitaji watu wa kukaa na watoto, na wenye magari wa kuwarudisha wanafunzi nyumbani usiku, maana basi la mwisho linapita kabla darasa halijaisha.