Barua ya wazi kwa Afisa wa Afya: Vidonge tumemeza, vyoo viko wapi?

Mheshimiwa,

Salamu kwako na kwa ofisi yako. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu za awali zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na hadi leo sijui zimelala kabati gani.

Juzi, katikati ya somo la hesabu, mtoto wa darasa la tatu alitapika mnyoo mrefu kama rula. Wenzake walipiga mayowe, wengine wakamcheka, na tangu hapo hajarudi shuleni. Aliyeuzoa mnyoo ule ni mimi, kwa karatasi ya daftari, kisha nikakosa maji ya kunawa. Mwalimu ni mimi, muuguzi ni mimi, mdeki wa matapishi ni mimi. Mshahara, kama ujuavyo, ni wa kazi moja.

Nikukumbushe, maana shughuli zako ni nyingi. Siku ya kugawa dawa ulipigwa picha ukimpa mtoto kidonge cha albendazole, dawa ya minyoo, ukatuahidi kwamba vyoo vipya na bomba la maji vingefuata. Tulipiga makofi. Vidonge sivipingi: miligramu 400 za mara moja huwatoa vizuri minyoo wa mchango, na Shirika la Afya Duniani linashauri vitolewe kwa mwaka mara moja pale maambukizi yanapofika asilimia 20 ya watoto, mara mbili yakifika asilimia 50. Ila kidonge cha leo hakimkingi mtoto na mnyoo wa kesho. Jike mmoja wa mchango anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Hutoka na kinyesi, hukomaa udongoni kwa wiki chache, na huweza kukaa humo miaka. Shimo la choo chetu limejaa, kwa hiyo watoto wanajisaidia nyuma ya madarasa, hukohuko wanakochezea, na mikono hiyohiyo ndiyo wanayolia chakula. Minyoo wa safura ndio kabisa hawasubiri kuliwa: lava wao, yaani minyoo wachanga walioanguliwa udongoni, hutoboa nyayo za asiye na viatu, wakaishia utumboni kufyonza damu. Nina wanafunzi wanaosinzia saa tatu asubuhi, midomo imepauka, halafu naandikiwa barua nieleze kwa nini ufaulu umeshuka. Barua hiyo, nimeona, haikupotea njiani.

Fedha za vyoo zimekwama wapi, sijui. Nahisi ziliishia kwenye mabango na fulana za siku ile, maana fulana hazikuwa haba. Wengine wanasema faili linazunguka kati ya idara ya maji na idara ya elimu, kila moja ikidai vyoo ni vya mwenzake. Kama tunakosea, tusahihishe, tena hapahapa hadharani.

Naomba vyoo, maji na sabuni. Ikiwa ni mengi, sabuni wazazi na walimu tutachanga. Ikiwa bado ni mengi, maji tutabeba kwa ndoo, tumezoea. Lakini shimo la choo, Mheshimiwa, siwezi kulichimba kati ya kipindi cha hesabu na cha sayansi. Tuchimbiwe vyoo. Na awamu ijayo ya vidonge, mpiga picha abaki ofisini. Kiti chake kwenye gari apewe fundi.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Mwalimu wa darasa la tatu