Umebadili shafti na mipira haiingii? Soma hapa kabla hujairudisha

Mteja ananunua shafti ya kaboni, ile nusu ya mbele ya fimbo ya pool, kwa hela aliyoikusanya miezi kadhaa. Wiki ya kwanza anakosa mipira ambayo jana aliiingiza bila hata kufikiri. Anarudi dukani kwetu na uso umemvimba, akiamini ameuziwa kitu kibovu. Tunaipima mbele yake na tunakuta shafti nzima kabisa. Kilichobadilika ni njia ya mpira mweupe, ule unaopigwa na fimbo.

Ukiupiga mpira mweupe upande wa kulia ili uzunguke, hauendi pale fimbo ilipoelekea. Unachepuka kidogo kushoto, na ukipigwa kushoto unachepuka kulia. Mchepuko huo unaletwa hasa na uzito wa mbele ya shafti, ile sehemu ya sentimita 15 hadi 20 kuanzia kwenye ngozi iliyo nchani, ile inayougusa mpira. Pakiwa pazito, mpira ndio unaosukumwa pembeni. Pakiwa pepesi, shafti ndiyo inayopisha. Kwa sababu hiyo mafundi wa viwandani hutoboa tundu ndani ya mbao, hufupisha kile kipande cheupe kilicho chini ya ngozi, au huacha mbao kabisa na kutumia bomba la kaboni.

Sasa mtu aliyecheza miaka kumi na shafti ya kawaida ameshauzoea mchepuko bila kujua. Jicho lake linalenga pembeni kidogo ili kufidia. Ukimpa shafti isiyochepusha sana anaendelea kufidia, na mpira unapita kando ya tundu la meza. Hapo dawa ni mazoezi, na tunakuomba uyape muda kabla ya kukata tamaa.

Ukija dukani, jaribu hivi. Weka mpira mmoja umbali wa mita moja mbele ya mweupe, ulenge katikati kabisa, kisha piga mweupe upande wa kulia bila kufidia chochote. Piga kwa nguvu ya wastani na fimbo iwe imelala. Ukipiga taratibu huku umeinua mpini, yaani nusu ya nyuma ya fimbo, mpira utapinda njiani na kurudi, na jaribio litakudanganya. Rudia kwa shafti mbili tatu uone ipi inauacha mweupe karibu zaidi na mstari.

Vipi kuhusu raha ya mkononi? Ngozi na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtikisiko unapokufikia, mpira umeshaondoka. Hata hivyo hatuidharau hisia hiyo, maana ndiyo inayokuambia umepiga vizuri au vibaya, na mchezaji asiyeiamini fimbo yake hachezi kwa utulivu. Lakini mara nyingi mtu anayetuambia shafti yake "ngumu" au "imekufa" tatizo lake ni ngozi iliyochoka. Tunambadilishia ngozi kwanza. Ni nafuu mno kuliko shafti.

Unene nao uangaliwe kulingana na meza unayochezea. Ncha ya milimita 13 inaendana na mipira mikubwa ya milimita 57. Kwenye meza ndogo za sarafu zenye mipira ya milimita 51, ncha hiyo inakuficha mahali unapougusa mpira. Fimbo za mtindo wa Kiingereza zina ncha ya milimita 8 hadi 9.5, na kwa meza hizo sisi tunazipenda zaidi.

Mbao inahitaji uangalizi. Usiiache ndani ya gari juani wala kuiegemeza ukutani usiku kucha, inaweza kupinda. Kaboni haina shida hiyo.

Mwisho, njoo na mpini wenyewe, picha ya simu haitoshi. Hesi za skrubu inayounganisha shafti na mpini hutofautiana kati ya fimbo na fimbo, nyingine kwa kiasi ambacho jicho halioni, na ukilazimisha zisizolingana utapasua mbao ya mpini ambao ulikuwa hauna tatizo lolote.